Vifaa Kumi na Vinne

Kila nikitoka shule ratiba yangu haibadiliki: navua sare, naosha vyombo vya asubuhi, nachota ndoo mbili za maji bombani, ndipo naruhusiwa kukaa. Alhamisi ile sikufika hata kwenye ndoo ya kwanza. Nilimkuta mama mezani, kompyuta iko mbele yake, ameshika tama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Modesta. Mtandao umekatika mara nne," alisema, bila hata kunitazama.

Nilielewa mara moja. Mama yangu, Evelina, amefundisha chekechea hapa Buswelu miaka tisa. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akisoma stashahada kwa njia ya mtandao, kila siku akishamaliza kupika. Kulikuwa kumebaki mtihani mmoja tu, Jumamosi saa nne asubuhi. Chuo kilikuwa kimesema wazi: mtandao ukikukatikia katikati ya mtihani, unasubiri mwaka mzima. Siku ile alikuwa akifanya mtihani wa majaribio, nao ulikuwa umemshinda. Maswali aliyajua, ila waifai yetu ilikuwa inasuasua kama punda mwenye mzigo.

Mama akapiga simu huduma kwa wateja. Dada wa huko alimwelekeza kufungua kwenye simu ukurasa wa ruta, kile kisanduku kinachotugawia mtandao. Kabla hajamaliza kumweleza la kufanya baada ya hapo, salio likaisha.

"Modesta, humu ndani tuna vifaa vingapi vya waifai?"

"Vitatu. Simu yako, kompyuta na kishikwambi."

"Haya, njoo unihesabie hapa."

Nilihesabu. Nikarudia. Vilikuwa kumi na vinne! Vingine vilikuwa na majina ya ajabu: Sharobaro wa Buswelu, Mama Kijacho, Usinisumbue. Vingine vilikuwa herufi na namba tupu.

"Huyu Sharobaro ni nani anayeishi nyumbani kwangu bila kula ugali wangu?" mama akauliza.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimempa Dorcas, ninayekaa naye dawati moja, neno letu la siri. Alitaka kutazama picha za mfumo wa usagaji chakula, na mimi nikajiona mkubwa. Siku ruta ilipofungwa mama alikuwa amesema, "Neno hili ni la humu ndani. Lisitoke." Na mimi nilikuwa nimeitikia, tena kwa sauti.

"Wezi hao, mama!" nilisema, nikipaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Niachie mimi. Kesho nitawafukuza wote."

Sikuwa natania. Nilijiapiza kwamba kabla ya Jumamosi nitakuwa nimewaondoa wote, na hakuna atakayejua waliingiaje.

Ijumaa nilikimbia njia nzima kutoka shule. Mama alikuwa chumbani anadurusu kwenye kompyuta. Nikachukua simu yake, nikafungua ule ukurasa na kuanza kazi. Sharobaro, zuia. Mama Kijacho, samahani dada, zuia. Usinisumbue, na wewe usitusumbue. Nikaingia kwenye yale ya herufi na namba, zuia, zuia, zuia.

"Modesta!" mama aliita kutoka chumbani. "Somo limepotea! Umefanya nini?"

Jamani! Kumbe mojawapo ya zile herufi na namba ilikuwa kompyuta ya mama mwenyewe. Tulihangaika kufungulia moja baada ya nyingine hadi tukaipata, na wageni kadhaa wakarudi nayo. Nilitamani kulia kwa hasira.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Kaka Nestory, kinyozi wa jirani, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado begani.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, mbona waifai imekata? Nina mteja kwenye kiti, nilikuwa namwonyesha mitindo."

Hakuwa na haya hata chembe. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Nestory, nani kakupa waifai yangu?"

Sasa yeye ndiye akashangaa. "Si wewe mwenyewe, mwalimu? Umetuandikia pale kwenye jiwe."

Akatuongoza nyuma ya nyumba. Huku kwetu, kama mahali pengi Mwanza, nyumba zimejibanza katikati ya mawe makubwa, na mtu akiwa na tangazo huliandika hapo hapo: kiwanja kinauzwa, fundi bomba, mkutano wa injili. Kwenye jiwe linalotazama njia, kwa chokaa nyeupe, paliandikwa: WAIFAI YA MWALIMU. KARIBUNI. Chini yake, neno letu la siri lote, herufi kwa herufi. Vijana watatu walikuwa wamekaa juu ya jiwe hilo na simu zao. Wakamwamkia mama kwa heshima zote.

"Tulisema mwalimu ana moyo," Nestory alisema kwa unyonge. "Kumbe!"

Mimi nilikuwa nautazama mwandiko. Ule mkia wa herufi nauona kila siku kwenye dawati letu.

Mama hakuujua. "Nje ya nyumba yangu mtu anayelijua neno hili ni mmoja tu, fundi Zadok aliyefunga ruta," alisema. "Kijana nilimpa chakula, naye anakwenda kulibandika barabarani! Nampigia bosi wake sasa hivi. Hafai kuingia nyumba za watu."

Kidole chake kilikuwa tayari kinatafuta namba. Zadok alikuwa mwezi wa pili tu kazini. Nilijua kwamba nikinyamaza, mambo yataisha. Fundi atafukuzwa, neno litabadilishwa, na mimi nitalala usingizi. Lakini mdomo nikaulazimisha.

"Mama, acha. Usimpigie. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nililitoa. Nilimpa Dorcas. Na jana nilijua, nikakaa kimya."

Nestory akajidai kukunja kile kitambaa chake. Mama alishusha simu, akanitazama. Afadhali angenichapa kuliko vile alivyonitazama.

"Kamlete Dorcas," alisema.

Dorcas alikuja na kichwa chini. Alieleza kwamba watoto wa mtaani walikuwa wakimsumbua kila siku wakitaka neno hilo, basi akaona aandike mahali pamoja wote wasome. "Mama, bibi anasema moto haunyimwi jirani," alijitetea.

"Ni kweli, mwanangu," mama alijibu. "Lakini anayetaka moto hubisha hodi jikoni. Haachi mlango wa mwenzake wazi, akaenda zake. Haya, chukueni brashi."

Chokaa ile ilikuwa imeshika kwelikweli! Tulisugua kwa mchanga, tukasugua kwa sabuni, tukasugua kwa dodoki la chuma hadi mikono ikafa ganzi. Dorcas alitaka kupumzika, nikamkatalia. Vijana wa juu ya jiwe walishuka kimya kimya na kutuchotea maji.

Mama naye alimpigia Zadok mwenyewe, kwa sauti ya upole, kumwomba msaada. Fundi alimwelekeza hatua kwa hatua namna ya kubadilisha neno la siri. Alisema kuwazuia mmoja mmoja ni kufukuza kuku huku banda liko wazi. Ukibadilisha neno, wote hutoka kwa mkupuo. Ikawa hivyo. Tuliviingiza vifaa vyetu upya, tukafungua ukurasa, nikahesabu: vitatu. Sharobaro hayupo. Nilipiga vigelegele hadi mama akanicheka.

Jumamosi saa nne mama alianza mtihani. Mimi nilikaa mlangoni na simu, natazama orodha bila kupepesa macho. Vitatu. Saa tano, vitatu. Saa sita kasoro robo nikasikia kiti kikisogezwa. Mama alitoka chumbani akifuta machozi, nikaogopa.

"Majibu yamepokelewa," alisema. "Yote. Mtandao haukutikisika hata mara moja."

Tulikumbatiana hadi simu ikaanguka. Baada ya chakula akasema kwamba kila Jumanne alasiri watoto wa mtaani waje barazani na madaftari yao, atawafungulia kishikwambi mbele ya macho yake. Kisha akanipa kalamu na karatasi.

"Andika neno jipya, usije ukalisahau."

Sikuamini. Jana yeye ndiye aliyeliandika, mimi sikuliona. "Mama, unanipa mimi? Baada ya yote yale?"

"Nakupa wewe hasa," alisema. "Sikiliza, Modesta. Kulitoa neno kulikuwa kosa, na kulificha kosa kulitaka kumpotezea mtu kazi na mimi mwaka mzima. Ile orodha ilinionyesha wote walioingia, lakini aliyewafungulia mlango haikumwonyesha. Ungeweza kunyamaza, nisingejua maisha yangu yote. Ulisema. Mtoto anayesema kweli wakati hakuna anayemshuku, huyo ndiye ninayempa funguo za nyumba yangu."

Akanitajia neno herufi kwa herufi, nikaandika.