Mita Ilijipima Yenyewe

Kila atokapo shuleni, Nasra hubadili sare, hula upesi, kisha hukimbilia kibanda cha shangazi yake Mwanamvua kule Kasingirima, kando ya ziwa. Shangazi ni fundi wa taa za wavuvi wa dagaa. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hubaki nchi kavu na kibanda hujaa nyaya na betri zao. Nasra wa darasa la sita alipenda mita ya kupimia umeme kuliko kifaa chochote pale, na kusema kweli, alipenda zaidi kuitwa fundi.

Siku moja shangazi alikuwa amekwenda Mwandiga. Akaja mvuvi mmoja, Pastory, na waya mrefu begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi wangu. Taa zangu zinafifia, na siku za giza zinaanza kesho. Nitazamie, ubovu uko kwenye waya au kwenye betri?"

Fundi! Nasra akavimba kichwa. Waya ule ulikuwa na maungio matatu, yamesokotwa kwa mkono na kufungwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili maji yasiingie. Akapima ukinzani wa kila ungio, yaani jinsi linavyozuia umeme kupita. Mita ikaonyesha sifuri nukta nne, mara nukta tano, mara nukta nne tena. Namba zilicheza kadiri alivyobonyeza. Moyo ulimwambia asubiri, lakini ulimi ukatangulia.

"Waya ni mzima. Betri ndiyo imekufa."

Pastory alishusha pumzi. "Basi sina jinsi. Kuna mtu sokoni anatoa betri kwa kubadilishana na cherehani. Nitampelekea ya mke wangu."

Alipoondoka, Nasra akaanza kuirudisha mita mahali pake. Ncha zake mbili zikagusana, na mita ikasoma sifuri nukta nne. Akashtuka. Mbona inasoma, na ncha hazikugusa ungio lolote? Kumbe namba ile ilikuwa ya nyaya za mita yenyewe, na ukinzani mdogo wa maungio ulikuwa umemezwa humo. Hakujua lolote kuhusu waya wa Pastory.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini akamkumbuka Recho, mke wa Pastory, ambaye hushona sare za nusu ya mtaa na kuwalisha wanawe kwa cherehani ile. Nasra akatoka mbio.

Aliwakuta njiani Pastory na mkewe. Cherehani ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli, na Recho alifuata nyuma, macho mekundu.

"Baba, nisamehe! Sikupima vizuri. Sijui kama betri ni mbovu. Msiitoe cherehani kabla shangazi hajarudi!"

Pastory alikunja uso. "Mbona ulisema kama mwenye uhakika?"

Recho ndiye aliyeshika baiskeli na kuigeuza. "Tungoje," alisema.

Shangazi aliporudi kibandani na kuelezwa yote, hakugomba. Aliunganisha waya ule na betri na taa ambazo Pastory alikuwa amezileta, akaziwasha.

"Ukinzani mdogo namna hii haupimwi kwa nyaya mbili za mita tu," alisema. "Nyaya hizi nene zinapeleka umeme kwenye taa. Sasa weka ncha za mita pande mbili za ungio, usome volti zinazopotea hapo tu. Umeme unaopita kwenye nyaya za mita ni kidogo mno, kwa hiyo hazitaharibu kipimo."

Ungio la kwanza, karibu sifuri. La pili, vilevile. La tatu, volti moja na nusu! Walipolifungua, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Shangazi akakata, akasugua, akalehemu, na taa zikawaka hata Pastory akafumba macho.

"Shangazi, nimekuaibisha," alisema Nasra.

"Uliniaibisha uliposema usichokijua. Kukosea kipimo, hata mimi hukosea. Lakini ukiona aibu kusema 'sijui', mwenzako ndiye atakayeumia. Leo umelifukuzia kosa lako mpaka barabarani, na hapo umenipa heshima. Haya, mwambie mwenyewe betri yake ikoje."

Nasra aliweka ncha kwenye betri huku taa zote zikiwaka. Akasoma, akainua ncha, akasoma tena; volti hazikushuka.

"Ni nzima, baba," alisema, na safari hii alikuwa anajua.