Sinia la Mama Cherehani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mpelelezi alifagia ua na kumwagilia mchicha. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu hakuna kilichopotea nyumbani ambacho hakukitafutia mwizi, hata kama ni soksi iliyokuwa uvunguni. Lakini siku hizo alikuwa na kesi nzito kuliko soksi.

Mwezi uliopita mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea, aliumwa na nyuki. Uso ulivimba, midomo ikajaa, akawa anavuta pumzi kwa shida. Walimkimbiza zahanati, akachomwa sindano, akapona. "Mwili wa mtoto huyu haupatani na sumu ya nyuki," daktari aliwaonya. "Akiumwa tena, mleteni mbio, msisubiri." Tangu hapo, Mpelelezi akisikia hata nzi, roho ilimruka.

Basi asubuhi moja, ndoo mkononi, alichungulia kwenye tundu la uzio. Jirani yao, fundi wa kushona ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alitoka na sinia pana. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaliweka pembeni kabisa mwa bustani yake, nyuma ya alizeti. Muda si muda nyuki wakatua, kundi zima, kama wageni walioalikwa.

"Kumbe anawafuga!" Mpelelezi alinong'ona.

Kesho yake ikawa vilevile. Mtu mwenye jambo jema anatazama kulia na kushoto kwa nini? Hata salamu zake sasa zilimtia shaka. "Mdogo wako hajambo?" Mama Cherehani aliuliza kila walipokutana. Anamuulizia ya nini? Mpelelezi alijibu kwa sauti ya kubana, akapita zake.

Jumamosi, Mama Cherehani alipokwenda kupeleka nguo za mteja, Mpelelezi alipenya kwenye lile tundu. Ndani ya sinia mlikuwa na maji na kokoto, basi. Hakutaka kujua zaidi. Alisubiri nyuki waliokuwa wakinywa waruke, akalibinua sinia kwa fimbo ndefu, akarudi mbio akitabasamu. Kesi imekwisha!

Jua lilipokuwa kali, mama yake alikuwa jikoni, na mdogo wake alikuwa ameketi kando ya bomba lao linalovuja, akichezea maji ya beseni. Mpelelezi alikuwa akianika nguo aliposikia mvumo. Nyuki walikuwa mdomoni mwa bomba, ukingoni mwa beseni, hadi kwenye kikombe cha mtoto. Mtoto akacheka, akainua mkono awapige. Mpelelezi naye akanyakua shuka awafukuze.

"Usiwapige! Usipige kelele!" Ilikuwa sauti ya Mama Cherehani, aliyekuwa amerudi, ng'ambo ya uzio. "Mshike mkono, umnyanyue polepole. Ingieni ndani mfunge mlango."

Miguu ilitaka kukimbia, akaizuia. Alimbeba mdogo wake, akatembea kama aliyebeba mayai. Nyuki mmoja alitua kwenye nywele za mtoto, akatambaa kidogo, akaruka. Mlango ulipofungwa, Mpelelezi aliketi sakafuni, akamkagua mdogo wake kichwa hadi miguu.

Mama Cherehani alijaza sinia lake upya. Nyuki walipohamia huko, alikuja kubisha hodi.

"Jirani, kuna mtu kamwaga maji ya nyuki wangu."

"Nyuki wako?" Mama yake Mpelelezi alikunja uso.

"Wangu wapi! Wanakaa kwenye mti mwishoni mwa mtaa. Jua likiwaka wanatafuta maji, na bomba lenu linavuja. Mtoto alipoumwa, nikaona niwawekee maji kwangu, mbali naye. Zile kokoto ni za kusimamia, wasizame."

"Mbona hukutuambia?"

"Si mngesema nafuga nyuki!" Mama Cherehani alicheka peke yake.

Mpelelezi angeweza kumsingizia paka. Paka mwenyewe alikuwa amelala mlangoni, hana habari.

"Ni mimi, mama," alisema, macho chini. "Nilikuona unatazama kulia na kushoto. Nilidhani unaficha kitu."

"Nilikuwa natazama kama mdogo wako amenifuata, mwanangu. Anapenda kupenya lile tundu."

Mpelelezi aliona aibu hadi masikio yakawaka. "Nisamehe, mama," alisema, na Mama Cherehani akampapasa bega.

"Kuogopa si kosa," mama yake alisema. "Kosa ni kumhukumu mtu anayekusalimu kila siku, bila kumuuliza hata swali moja. Na nyuki wasiposumbuliwa wana kazi zao. Bila wao, hata maboga yetu hayazai. Mimi nami nina kosa langu: lile bomba."

Jioni ile baba alilitengeneza bomba, akaziba na tundu la uzio.

Asubuhi iliyofuata, Mpelelezi alizunguka kupitia getini na jagi la maji, akalijaza sinia la Mama Cherehani. Kabla ya kulirudisha nyuma ya alizeti, alitazama kulia, akatazama kushoto. Mdogo wake hakuwepo.