Kombi ya Yasmin

"Dada, ndoo yako inavujia vyeti vya watu!" kijana mmoja wa foleni alipaza sauti.

Zuena aliruka akaipakata ndoo kifuani. Steshenari ile ya stendi ya Kibiti, asubuhi hiyo ya Aprili, ilikuwa haina pa kutia mguu. Wazazi wamebanana na watoto waliomaliza kidato cha nne, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba ya mtihani. Nje makondakta wanaita Ikwiriri, wanaita Mbagala, mvua inapiga bati. Na yeye katoka Nyamisati na kamba wabichi, barafu imeyeyuka njiani.

"Nisamehe kaka. Maji ya kamba tu hayo, hayana ubaya."

"Hayana ubaya? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu kinanukia mchuzi!"

Watu wakacheka. Hata Zuena akacheka, na hapo ndipo Ridhiwani, mwenye steshenari, alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta akamwona vizuri. Mwanamke wa miaka ishirini na saba, dera la samawati limelowa pindoni, mtandio wa njano umemwangukia begani, macho hayaogopi mtu. Ridhiwani alikuwa na thelathini na moja, shati limepigwa pasi, hajaoa, na siku hiyo alisahau aliyekuwa anamhudumia.

"Haya bibie, shida yako?"

"Mdogo wangu, Yasmin. Nataka arudishwe kwenye sayansi."

Ridhiwani akaingiza namba. Kemia B, Biolojia B, Fizikia C. Halafu akafungua ukurasa wa machaguo ya kidato cha tano, akakunja uso. Kuanzia juu mpaka chini ni HKL: Historia, Kiswahili na Kiingereza.

"Nani kamjazia hivi?"

"Mwalimu. Kawajazia wasichana wote siku moja, wamepanga foleni dirishani kwake. Kasema msichana wa huku kwetu akipelekwa sayansi atafeli, na shule itaonekana mbaya."

Wacha tuseme ukweli hapa. Shule ile ina jengo la maabara. Wanakijiji walichangishwa matofali na mchanga, akaja mkubwa mmoja akakata utepe, akanywa madafu mawili, akapanda gari lake. Leo ndani ya jengo hilo mna saruji iliyoganda na viti vilivyovunjika miguu. Mwalimu wa fizikia waliahidiwa, mpaka leo yuko njiani. Ile B ya kemia Yasmin aliipata kwenye kitabu kisicho na jalada, dada yake akichambua kamba huku akimsikiliza anavyozitaja zile elementi ishirini za mwanzo, mpaka Zuena naye, aliyeishia darasa la saba, akawa anazijua kwa kichwa. Haidrojeni, heliamu, lithiamu. Watu wanaohangaika hivyo na watoto wao hawaulizwi mtoto asome nini. Anaulizwa mwalimu aliyeshika kalamu.

"Neno la siri analo mwalimu," Ridhiwani alisema. "Itabidi niombe jipya. Likikubali, mfumo utatuma namba kwenye simu yako, wewe unanisomea, mimi nambadilishia. Mwisho ni tarehe thelathini. Nipe namba yako ya simu."

"Ya kupeleka kwenye mfumo?"

"Ya mfumo. Na kidogo ya kwangu."

"Mh! Kaka wewe, wateja wote hawa unawaambia hivyo?"

"Wenye ndoo tu."

Akamnunulia soda, akamwekea mrija. Zuena akainywa amesimama, akijifanya anaangalia mvua.

Simu zikaanza. Zuena alikuwa akisimama kwenye marundo ya nguzo za mikoko pale bandarini, ndipo mtandao ulipokuwa unashika vizuri.

"Laazizi, umekula?"

"Laazizi nani? Mimi namngoja mtu wa mfumo."

"Mfumo unakusalimia. Yasmin hajambo?"

"Yuko Mloka kwa mama mdogo, analinda mahindi. Nguruwe na tumbili hawajui kama mtu kafaulu au kafeli."

"Atarudi lini? Ana simu yake?"

"Hana. Mbona unamuulizia sana?"

"Si ndiye mwenye shughuli? Sikia, Zuena, utanipa jibu lini? Ujue baba yangu ni Maalim Twalha. Ukizidi kuniringia namwambia akuandikie kombe la zafarani, ulinywe, ujilete mwenyewe."

"Kumbe! Ile soda ulitia nini?"

"Nilitia mrija."

Zuena alicheka mpaka wachukuzi wa nguzo wakageuka. Siku ya Ijumaa Ridhiwani akaja Nyamisati na kanzu nyeupe, akamsalimia mama yake Zuena, Bi Sijaona, kwa adabu, akala wali wa nazi na kamba. Bi Sijaona alimwangalia sana. Alimjua Maalim Twalha kwa sifa. Nusu ya delta ilishakunywa kombe lake: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Wengine wanapona. Na wengine, watu wanasema, wanapenda wasipopenda.

Tarehe ishirini na tisa ombi la neno la siri likakubaliwa, namba ikatumwa kwenye simu ya Zuena. Ridhiwani akapiga simu mbio. Zuena alikuwa ufukweni anapima kamba, simu iko nyumbani kwenye chaji. Akapokea mama.

Sasa, wanafunzi wa siku hizi yale masomo matatu ya kidato cha tano wanayaita kombi. Ridhiwani alishinda na wanafunzi mchana kutwa, neno hilo lilikuwa mdomoni mwake kama mate. Kwa Zuena siku zote alisema "masomo ya Yasmin." Siku hiyo, kwa furaha, akajisahau.

"Shikamoo mama! Ridhiwani hapa. Mwambie Zuena kombi ya Yasmin tayari. Bado kusoma tu. Akishanisomea, imekwisha."

Mnara wa simu wa kule mvua ikinyesha unameza maneno. Wakubwa walikuja kuuzindua pia. Kwenye mtandao ule i na e ni ndugu, na "ya" na "la" hazifiki kabisa. Bi Sijaona alichosikia ni kombe, Yasmin, tayari, bado kusomewa.

Zuena aliporudi alimkuta mama yake amekaa sakafuni, khanga kichwani kama mfiwa.

"Yule kijana wako kapiga. Kombe la Yasmin tayari, anasema. Bado kulisomea."

"La Yasmin? Mama, umesikia vibaya."

"Meno yangu ndiyo yameanguka, masikio ninayo! Wewe kishakunywesha, sasa anamtaka mdogo wako."

Zuena akataka kucheka. Akaikumbuka soda. Akakumbuka namna alivyompenda mtu kwa siku tatu, yeye aliyekataa wachumba wanne. Yasmin hajambo? Yasmin atarudi lini? Yasmin ana simu? Simu ikalia. Mama akaipokea, akaiweka sauti ya juu.

"Mama, Zuena karudi? Ile kombi... mwisho ni kesho... mkikawia nakuja kuimaliza mwenyewe..."

"Umemsikia? Kakiri kwa mdomo wake!"

Zuena ndiye aliyeichukua simu. Ndiye aliyeizima, akaifungia kwenye sanduku la nguo, akakaa juu ya sanduku. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Kesho yake Ridhiwani alifunga steshenari akakodi bodaboda. Walifika nusu ya njia. Kalavati lililojengwa mwaka juzi, likapigwa picha mpaka likachoka, lilikuwa limechukuliwa na maji. Alisimama pale viatu mkononi, anapiga namba isiyopatikana, mpaka saa kumi na mbili jioni, mfumo ulipofungwa.

Yasmin alirudi tarehe mbili Mei, mwembamba, mweusi kwa jua la Mloka. Kitu cha kwanza alichouliza:

"Dada, kombi yangu imebadilishwa?"

Zuena akamgeukia mama yake.

"Yako nini?" mama akauliza.

"Kombi, mama. PCB, Fizikia, Kemia na Biolojia, ni kombi. HKL ni kombi."

Zuena alifungua sanduku. Simu ilipowaka, meseji zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Namba ya mfumo ilikuwamo, tarakimu sita. Chini yake, za Ridhiwani. *Laazizi nisomee hiyo namba.* *Zuena nimekukosea nini?* *Imebaki saa moja.* Ya mwisho haikuwa na neno, ilikuwa na nukta tu.

Yasmin alizisoma zote. Hakulia. Alimrudishia dada yake simu, akaenda kuosha miguu.

Yasmin akampigia Ridhiwani akamweleza, wakaenda ofisi ya elimu wote watatu, Ridhiwani mbele na faili. Zuena hakuthubutu kumtazama. Bwana wa ofisini alikuwa anakula chapati. Akasema mfumo umefungwa, hakuna mkono wa kuufungua, binti akafike kwanza shuleni aombe hukohuko. Shule zote alizojaziwa na mwalimu zilikuwa na arts, masomo ya sanaa, peke yake.

"Kwani arts si masomo?" bwana yule akauliza. "Mbona na sisi tulisoma?"

Walikuwa wanamwona, na chapati yake.

Nje, kwenye mvua, Zuena akasema, "Ridhiwani, nitukane basi."

"Nikutukane nini?"

"Chochote. Nilidhani umemtaka mdogo wangu."

"Mimi ndiye niliyetania kombe." Akavua koti akamfunika. "Na mimi ndiye niliyesema kombi. Wewe ulitiwa kwenye mfumo unaomtaka mtu wa bandarini asome namba ya siri ya wakubwa kwenye mvua. Wao wamelala. Tusitafutane sisi."

"Maneno mazuri hayo. Yasmin yatamsaidia nini?"

Ridhiwani akasema, "Nataka kumleta mzee kuposa. Utakataa?"

"Mlete," Zuena alisema, bila kucheka. "Lakini usije ukaniuliza kama nina furaha."

Harusi ilikuwa Juni, kabla Yasmin hajaenda shule. Zuena alikaa kwenye mkeka mpya, hina mpaka kwenye viwiko, mtandio wa dhahabu umemfunika uso. Maalim Twalha mwenyewe alisoma dua. Wageni wakashiba pilau, halafu Bi Sijaona, kwa kutaka kufuta kosa lake, akasimama.

"Binti yangu Yasmin sasa ni mtu wa lugha. Anakwenda HKL. Mwanangu, tutolee shairi la dada yako."

Yasmin akasimama, gauni la maua, mikono nyuma kama yuko mstarini. Akavuta pumzi.

"Haidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu. Boroni, kaboni, naitrojeni, oksijeni..."

Alizitoa kwa mahadhi, polepole, macho makavu, moja moja mpaka kalsiamu, ya ishirini. Hakukosea hata moja. Akakaa.

Vigelegele vikapaa. "Mashaallah!" akasema mzee mmoja. "Kizungu safi! Kweli wakubwa wamejua kumchagulia."

Chini ya mtandio Zuena alikuwa analia mabega yanatikisika, na wanawake wakagusana viwiko, wakasema bibi harusi wa kweli ndivyo alivyo, hulia akiondoka kwao.