Jua la Jumanne

Nishimwe hakuwa na kompyuta. Nyumbani kwao hakukuwa na umeme, na simu ya baba yake ilikuwa na kioo kilichopasuka. Hakuwa na dada mkubwa wa kumwelekeza, wala Kiingereza zaidi ya maneno ya salamu. Kitu kimoja zaidi alikikosa, lakini hicho hakukitambua mpaka mtu mwingine alipopata hasara.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila siku baada ya masomo alibaki shuleni, mtaa wa Himbi, katika chumba chenye kompyuta nne, akiandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Skripti yake iliiuliza huduma moja ya mbali hali ya hewa ya Goma, kisha ikaweka jibu kwenye tovuti ya shule: joto la sasa, upepo, na kama mvua ingenyesha kabla ya jioni.

Msomaji wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa jirani yao, Mama Uwamariya, aliyeanika sambaza ufukoni mwa ziwa. Samaki hao wadogo wakilowa kabla ya kukauka, huoza. Kwa hiyo mama huyo alitazama tovuti kwanza kwenye simu yake, ndipo akatandaza neti zake juu ya mawe meusi ya volkano. "Mutoto huyu anaongea na mawingu," aliwaambia wenzake.

Siku ya Jumanne, Achille wa darasa lake alichungulia dirishani. "Weh, Mademoiselle Météo, binti wa hali ya hewa! Ukurasa wako unasinzia. Unauliza mara moja kwa saa? Hata bibi yangu anatazama juu mara nyingi kuliko hapo!"

Wenzake wakacheka. Kwa hasira Nishimwe akaiagiza skripti iulize kila sekunde. Muda si mrefu, mistari myekundu ya Kiingereza ikajaa kwenye ukurasa. Hakuielewa. Mwalimu wao, Maître Bulonza, alikuwa chumba cha pili, na angeweza kumwita. Lakini Achille alikuwa bado dirishani. Nishimwe akaandika agizo jingine upesi: skripti ikishindwa, inyamaze, ionyeshe jibu la mwisho ililopata. Wekundu ukatoweka. Ukurasa ukasema: "Sasa hivi: jua. Hakuna mvua leo."

Ukasema hivyo Jumatano. Ukasema hivyo Alhamisi. Siku zote mbili jua liliwaka kweli, na Nishimwe akajiambia kwamba mambo yamekaa sawa.

Ijumaa mvua ilishuka kutoka upande wa mlimani saa sita, ikanyesha mpaka saa tisa. Masomo yalipokwisha, Mama Uwamariya aliingia chumba cha kompyuta, kitenge kikimchuruzika maji, akaweka beseni sakafuni. Sambaza walikuwa wamelegea na kuanza kunuka.

"Asubuhi simu iliniambia jua," alisema. "Nikaacha neti, nikaenda soko. Angalia."

"Mama, si mimi," Nishimwe alijibu. "Ni mtandao."

"Basi tuutazame," alisema Maître Bulonza. Akasoma skripti polepole, akasimamisha kidole. "Agizo hili linafanya nini?"

Nishimwe alitazama beseni sakafuni.

"Liondoe."

Alipoliondoa, mistari myekundu ikarudi. Mwalimu akachukua kamusi, akatafsiri neno kwa neno: mmeuliza kupita kiasi, ufunguo wenu wa kuingilia kwenye huduma yetu umefungwa, tuandikieni ili ufunguliwe. Kisha akafungua jibu lililohifadhiwa, akasoma tarehe yake. Lilikuwa la Jumanne.

"Kumbe tangu mardi ulikuwa hujui?" aliuliza Mama Uwamariya.

"Nilikuwa sijui, Mama. Niliogopa kuchekwa."

"Ungeandika tu 'sijui', mwanangu, leo ningekaa kando ya neti zangu." Akainua beseni lake, akatoka bila kuaga.

Kesho yake Nishimwe aliirekebisha skripti. Sasa iliuliza mara moja kwa saa, ikaandika saa ya kila jibu, na ikishindwa ilisema: "Hatujui. Tazameni wenyewe." Mwalimu aliwaandikia wenye huduma, na Jumatatu wakaufungua ufunguo. Nishimwe akakimbia kumweleza Mama Uwamariya, akakuta kufuli mlangoni.

"Amekwenda mji wa Kiwanja kwa dada yake, kulima maharagwe," alisema Lucie, mpangaji wa nyumba ya pili. "Sambaza wale ndio walikuwa mtaji wake wote. Hakukuachia salamu."

Nishimwe alirudi shuleni akilia. Maître Bulonza hakumbembeleza.

"Skripti tumeitengeneza kwa mistari mitatu," alisema. "Samaki wa yule mama hatuwezi kuwatengeneza. Kukosea si aibu. Mimi nakosea kila siku. Aibu ni kuufunika ukweli ili usichekwe, na mtu anakutegemea. Anayekuamini akikuuliza, mwambie unalojua, au mwambie hujui. Sasa mwandikie. Usijitetee."

Aliandika: "Mama Uwamariya, nilijua kwamba sijui, nikanyamaza. Samaki wako wameoza kwa sababu yangu. Likizo ikifika nitakuja kulima pamoja nawe, ukikubali. Usipokubali, nitaelewa. Nishimwe."

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kituoni alimpa dereva wa basi dogo la Kiwanja.

"Nikuletee jibu?" dereva aliuliza.

"Sijui, Papa," alisema Nishimwe. "Mpelekee tu."

Dereva akaiweka bahasha juu ya dashibodi, akawasha gari.