Antena ya Mama Oliva

Haya yalimpata rafiki yangu Nasiri, fundi TV wa Makambako, mtu asiyekiamini hata kivuli chake.

Mwezi uliofuata kuzimwa kwa matangazo ya TV ya analojia alipanda milimani hadi Iwawa kumfungia king'amuzi mama mmoja mjane, Oliva. Ilikuwa saa nane mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshusha giza kama la jioni. Alipiga hodi, kimya. Ili asipoteze muda akaanza kuuzungusha mlingoti wa antena uliokuwa nje, nao ukalia kwa kutu.

"Bado," sauti ya mwanamume ikasema kutoka ndani.

Akazungusha tena.

"Bado. Rudisha kidogo."

Nasiri akasita. Oliva alikuwa amemwambia anaishi peke yake. Tena king'amuzi kilikuwa bado kwenye begi mgongoni. Huyo mtu alikuwa anatazama nini?

Oliva akatokea kwenye ukungu na ndoo ya viazi, ufunguo mkononi. Ndipo Nasiri akaona kuwa mlango ulikuwa na kufuli kwa nje.

"Nani yuko ndani, mama?"

"Hakuna mtu, fundi. Hata TV niliichomoa."

Upepo ukausogeza mlingoti, ukalia.

"Hapo hapo," ikasema ile sauti. "Msiguse tena. Sasa nawaona nyote wawili."