Sindano ya Saa Mbili

Tuanze na kosa, maana Mungu analijua hata tukilipamba. Fundi wa kompyuta wa hospitali alidanganya. Asubuhi moja alibadilisha betri ya saa iliyo ndani ya kompyuta ya chumba cha dawa, ile inayotoa orodha ya wagonjwa wa kuchomwa sindano. Ilikuwa saa mbili. Kwa haraka zake akaandika 02:00, kama tunavyotamka, badala ya 08:00. Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, ikatii. Kwa mashine ilikuwa usiku wa manane, orodha ya asubuhi haikutoka, na mzee wa kitanda cha nne akakosa sindano. Adhuhuri akafa. Fundi akaisahihisha saa kimyakimya, akasema muuguzi ndiye aliyezembea. Muuguzi akafukuzwa kazi.

Mwezi haujaisha, mama mzazi wa fundi akalazwa kitanda cha sita. Sindano yake ya saa mbili haivumilii kuchelewa.

"Fundi, njoo uone," aliita muuguzi mpya, waliyemzoea kwa jina la Kicheko. "Mashine yako inasema ni saa nane za usiku. Nikalale?"

Kweli, 02:00. Fundi akaandika hwclock, amri ya kurekebisha saa ya ndani, saa ikakaa sawa. Kugeuka tu, 02:00. Akaweka betri mpya. 02:00. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi.

"Kaka, umekanyaga kaburi wapi?" Kicheko alinong'ona.

"Sijatoka humu."

"Basi mimi nampelekea mama sindano yake, mambo ya orodha baadaye." Akavuta mlango. Haukufunguka.

Fundi akachomoa waya wa umeme, akaitoa betri akaifumbata kiganjani, na hapo ndipo, mashine ikiwa haina umeme wala betri, feni yake ikaanza kuzunguka polepole, ikihema kama kifua cha mtu anayetafuta pumzi, kioo kikawaka chenyewe, na printa ikasukuma karatasi yenye mstari mmoja tu: kitanda cha nne, sindano, saa mbili, haijatolewa.

"Kitanda cha nne hakina mtu," Kicheko alisema.

"Najua."

"Unajua nini, kaka? Sema, mama yako anangoja!"

Fundi akapiga magoti. "Ni mimi. Niliandika saa vibaya, nikamsingizia muuguzi wa watu. Yule dada hakukosa kitu. Ee Mola, nisamehe."

Feni ikanyamaza. Mlango ukajiachia. Saa ikasoma 08:20, na karatasi ya pili ikatoka: kitanda cha sita, sindano, imetolewa.

"Umempa saa ngapi?" fundi aliuliza.

"Nimpe saa ngapi? Sindano si hii hapa mkononi!"

Wakakimbia wodini. Mama alikuwa ameketi, anajisugua mkono.

"Mwanangu, yule mzee aliyenichoma ni mgeni hapa? Mpole, ila ana vidole vya baridi! Kasema kesho atakuja tena, mpaka yule dada aliyefukuzwa arudishwe kazini."

Fundi alikwenda kwa mganga mkuu akakiri yote, naye akakubali kumrudisha. Lakini dada alikwishahama, na simu yake haipatikani. Wewe unayesoma, kama unamfahamu, tafadhali mwambie anatafutwa. Aje kabla ya saa mbili.