Mgeni Ndani ya Jicho

Mara ya kwanza alionekana ndani ya jicho la fundi viatu.

Yule fundi alikuwa na uso uliokunjamana vizuri, uso ambao mwanafunzi yeyote wa upigaji picha angeulilia. Msichana aliyempiga picha alikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni, na wenzake walikwisha kumbandika jina la Subiri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa mbele ya kamera yake asiambiwe "subiri, subiri kidogo" mpaka shingo ikamkakamaa. Fundi alipoondoka, Subiri aliketi kwenye kompyuta ya chuo, akaikuza ile picha, akaikuza tena, akitafuta jicho. Mwalimu wao alikuwa na wimbo mmoja tangu siku ya kwanza: picha ya mtu ni jicho. Pua ikififia tutasamehe, sikio likipotea tutasamehe, lakini jicho likikosa nukta ya mwanga, umempiga picha samaki wa jana.

Nukta ilikuwepo. Ndani yake ilionekana taa, na ubavuni mwa taa Subiri mwenyewe, mdogo kama sisimizi, ameinamia kamera. Nyuma yake ulionekana mlango wa studio ulioachwa wazi, na mlangoni alisimama mtu mrefu.

Subiri alijikuna kichwa. Studio ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, na mchana ule korido nzima ilikuwa tupu. "Labda mfagiaji," alijisemea, akaihifadhi picha, akaenda zake.

Hapa hatuna budi kuieleza mbinu yenyewe, maana ndiyo iliyoleta balaa. Mwalimu alichukia tabasamu la kuombwa. Alisema mtu akiambiwa atabasamu, meno yanacheka na macho yanaomboleza. Kwa hiyo aliwafundisha hivi: mwambie atazame juu ya bega lako, mlangoni, kisha aseme "karibu", kama anayempokea mtu aliyemtamani siku nyingi. Neno likitoka, mdomo unalegea, nyusi zinapanda, macho yanachangamka, na hapo ndipo unapobonyeza. Lakini aliweka sharti. Ni lazima usimamishe mtu wa kweli pale mlangoni, apokewe yeye. "Msimkaribishe mtu asiyekuwepo," alisema. Mmoja wao alipouliza sababu, alijibu kwamba hata yeye alifundishwa hivyo, basi wakacheka, yakaisha.

Subiri hakuwa mkaidi. Alikuwa na haraka tu. Nani angekubali kusimama mlangoni mchana kutwa kama nguzo? Alimwambia fundi viatu aukaribishe mlango mtupu, na uso ukaja vilevile, tena mzuri kupita alivyotarajia. Tangu siku hiyo akaliona sharti la mwalimu kuwa ni maneno ya watu wazima.

Kazi ya mtihani ilitaka uso mmoja katika mianga mbalimbali: mwanga wa dirishani, wa ubavuni, wa nyuma, wa kutoka chini. Subiri alimchagua mdogo wake, ambaye nyumbani aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu, na tangu hapo Subiri ndiye aliyekuwa dada, ndiye aliyekuwa mama, na wakitishwa na radi ndiye aliyejifanya haogopi. Hakuwa na mwingine duniani. Naye Kitinda alikuwa na mdomo, usiseme! Akicheka yeye, jirani wa nyumba ya tatu anajua kuna jambo.

"Dada, sasa namkaribisha nani?" aliuliza siku ya kwanza, amekaa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheusi.

"Yeyote unayempenda."

"Basi namkaribisha muuza aiskrimu. Karibu, baba, karibu na mkokoteni wako!"

Walicheka mpaka kamera ikatikisika. Alasiri baada ya alasiri, Kitinda akitoka shule, walirudi kwenye kile kigoda. Karibu. Tena. Karibuu. Subiri kidogo, inua kidevu, tena. Neno lile lilisemwa humo ndani mara nyingi kuliko linavyosemwa kwenye nyumba ya harusi, na mlango wakati wote ulikuwa mtupu.

Kidogokidogo, utani ukamwisha Kitinda. Alianza kusema "karibu" kabla hajaambiwa, kwa sauti ya chini, macho yakifuata kitu kilichokuwa kikitembea. Subiri aliona uso umetulia, akafurahi. Alidhani mtoto amekua na amejua kazi. Mapenzi ya kazi nayo ni upofu.

Nyumbani ndiko hofu ilikoanzia. Jua lilikuwa halijazama, Subiri akiosha vyombo, aliposikia harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa ya studio, harufu kavu inayokwaruza koo. Nyumba yao haikuwa na taa ya namna hiyo. Aliifuata harufu mpaka sebuleni. Kitinda alikuwa amekaa mezani na daftari la hesabu, uso umeganda kama wa picha ya kitambulisho, na kiti cha pili kilikuwa kimevutwa nje ya meza, kimeelekezwa kwake.

"Nani amekivuta kiti?"

"Mimi. Mwache akae, dada. Amesimama sana."

"Nani?"

Kitinda hakupepesa macho. Subiri alisogea, akaweka kiganja juu ya kile kiti ili akirudishe mahali pake, akakuta mbao zina joto, joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, au hajainuka. Akaurudisha mkono wake kifuani. Aliogopa hata kupiga kelele, asije akamshtua yule asiyemwona.

Kesho yake asubuhi alikimbilia chuoni, akazifungua picha zote za Kitinda, akazipanga kwa mfuatano, akakuza jicho la kila moja. Katika ya kwanza, yule mtu mrefu alikuwa mlangoni. Katika zilizofuata alikuwa ameingia, kisha amefika kwenye stendi ya taa, kisha kwenye meza ya lenzi, na kila alipokaribia alionekana wazi zaidi isipokuwa usoni, kwa maana pale penye uso palikuwa pamefutika, pametelezeshwa kama mtu aliyetikisika wakati wa kupigwa picha; halafu ikaja ile ambayo amesimama nyuma ya bega la Subiri kabisa, ameinama anavyoinama Subiri, mkono wake mrefu umepita juu ya mkono wa Subiri kwenye kamera, na Subiri akakumbuka jinsi siku ile alivyodhani kwamba ni joto la taa linalompiga shingoni. Katika picha ya mwisho taa ilikuwepo, kamera ilikuwepo, mlango ulikuwepo. Subiri hakuwepo. Aliyekuwa akimpiga picha mdogo wake alikuwa yule.

"Ulimsimamisha nani mlangoni?" Alikuwa mwalimu, amesimama nyuma yake.

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mwalimu alijishika kichwa. "Ee Mungu wangu. Mimi mwenyewe nililichukulia sharti lile kama mzaha. Tulifundishwa, tukalibeba hivyohivyo." Akavaa koti lake. "Twende. Namjua mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mganga wa majini, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, mkali, asiyependa watu wa kulia. Walifika naye nyumbani kwa kina Subiri kabla ya adhuhuri, wakakuta mlango umefungwa kwa ndani na Kitinda hakwenda shule. Kitinda alipowafungulia, mganga hakumtazama mtoto. Alitazama kile kiti, akavuta pumzi kwa pua, kisha akawasogeza Subiri na mwalimu pembeni.

"Huyu hafukuzwi," alinong'ona. "Angekuwa mwizi ningemfukuza. Huyu ameitwa kwa heshima, ndani ya studio yenu. Fundi viatu alimwita mara moja, akaishia kizingitini. Ninyi mmemwita mpaka amejua njia ya kwenu."

"Anataka nini kwa mdogo wangu?" Subiri alinong'ona.

"Uso. Yeye hana. Tayari amechukua kicheko, amechukua sauti. Akimaliza, mtoto atabaki amekaa hapo, mzima, ila hayumo." Mganga akapangusa miwani. "Lakini majini wa namna hii wana adabu zao. Mgeni akiagwa huondoka. Mtoto ataaga, kwa namna ileile aliyokaribisha, mbele ya kamera hiyohiyo. Wewe utamsindikiza mpaka barabara inapogawanyika, utamwambia unaishia hapo, utarudi. Usitazame ubavuni. Na neno lile walilokufundisha lisitoke kinywani mwako tena. Yeye hukaa na aliyemkaribisha. Popote atakapoingia mtu huyo, naye ataingia."

Wakamkalisha Kitinda dirishani. Subiri alipiga goti, akainua kamera, akalitafuta jicho la mdogo wake. Harufu ya vumbi linaloungua ilijaa chumba kizima. Kiti kililia kidogo, kama kiti kinavyolia mtu akijiweka vizuri.

"Kitinda, mama, tazama mlango," alisema. "Sema kwaheri."

Macho ya Kitinda yalibaki kwenye kile kiti.

"Mdogo wangu, nakuomba. Nimekukosea mimi. Sema kwaheri, tumalize."

Midomo ya mtoto ilifunguka, ikafumba, ikafunguka tena, na koo likatoa mkwaruzo usio na neno, mpaka Subiri alipoanza kulia nyuma ya kamera. Ndipo Kitinda alipokunja uso, uso wake wa kweli, wa mtoto anayetaka kulia kwa sababu dada yake analia.

"Kwaheri," alisema.

Subiri akabonyeza. Kiti kilisogea chenyewe.

Mganga alimsukuma begani. "Toka. Tangulia, ndivyo mwenyeji anavyofanya."

Kulikuwa na jua kali nje, watu wakipita na mizigo yao, fundi wa baiskeli akigonga chuma, na hakuna aliyegeuka. Subiri alitembea akitazama mbele tu. Upande wake wa kushoto, nyayo zilifuatana na zake, hatua kwa hatua. Alipopunguza mwendo zilipunguza, alipoharakisha ziliharakisha, na joto la taa lilimpiga shavu la upande ule kiasi kwamba jasho lilimtiririka shavu moja tu. Mgeni hakumgusa. Hakumsukuma. Alikuwa mpole, alipisha watu, alisubiri pale Subiri aliposubiri gari lipite, na upole ule ndio uliomtisha Subiri kuliko kitu chochote, kwa kuwa ulifanana kabisa na upole wa mgeni yeyote mwema anayesindikizwa baada ya matembezi ya mchana.

Penye duka la mbao barabara ilipogawanyika, akasimama.

"Mimi naishia hapa," alisema. "Kwaheri."

Nyayo za kushoto zilisogea hatua moja mbali naye, kisha ya pili. Alihisi shavu lake linapoa. Nafuu ilimjia kwa nguvu, na ulimi wake, ulimi uliofunzwa adabu na mama yake tangu hajui kusema, ukamaliza maneno jinsi kila mtoto aliyelelewa vizuri anavyoyamaliza.

"Karibu tena."

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Neno lilikwisha toka.

Nyayo zilisimama. Zikarudi.

"Asante, dada," ilisema sauti ya Kitinda, kando kabisa ya sikio lake. "Ngoja basi nikusindikize kidogo."

Subiri aligeuka kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kugeuka. Alirudi kwa njia ileile, na hatua zile zilirudi naye, za furaha sasa, za mtu aliyeombwa abaki. Alipokaribia nyumbani alisikia kicheko. Kilikuwa kicheko cha kweli, kile cha kusikika nyumba ya tatu, kikitokea dirishani, na mganga akifoka kwamba mtoto akae atulie anywe maji kwanza, na mwalimu naye akicheka. Mdogo wake alikuwa amerudi. Mlango ulikuwa wazi, umeachwa wazi kwa ajili yake. Subiri alitamani kuingia kwa mwili wake wote.

Akapita.

"Dada," ile sauti iliuliza, "mbona tumepita nyumbani?"

"Sikai tena hapo," Subiri alijibu, akaongeza mwendo, asije Kitinda akatokea dirishani na kumwita.